Kalamu jumbo ya urushi kutoka Japani: jinsi ya kuichagua, kuijaza na kuiandikia kweli kweli

Hii ni kwa mtu ambaye ameshaangalia picha za Namiki Emperor mpaka simu ikaisha chaji, na pia kwa yule ambaye tayari anayo ila imelala kwenye boksi kwa sababu anaiogopa. Naongelea yale makalamu ya wino ya Kijapani, mwili wa eboniti (mpira mgumu) uliopakwa urushi (vanishi ya utomvu wa mti), makubwa kupita kiasi. Emperor ikiwa imefungwa inagonga sentimita 17 na ushee na nibu yake, yaani ile ncha ya kuandikia, ni ya dhahabu ya karati 18 na inaitwa namba 50, mtu akiiona mara ya kwanza anajua hii ya kuweka kwenye kioo cha duka tu. Hapana, inaandika, na inaandika vizuri mno, ila ina tabia zake na ukizijua mapema hutachafua shati wala hutalia na hela yako.

Hatua ya 1: Jua unataka ipi, na inajazwaje

Kwenye saizi hii majina ni machache. Namiki Emperor ni ya Pilot. King of Pen ni ya Sailor, wale walioanzia Kure, Hiroshima, mwaka 1911, nibu yao ni karati 21. Nakaya ni ya Tokyo, ilianzishwa na mafundi waliotokea kampuni ya kalamu ya Platinum, na wao wana kitu kimoja nakipenda sana, unapoagiza unawaeleza unavyoshika kalamu na unavyoandika afu wanakutengenezea nibu kulingana na mkono wako. Danitrio nao wana midude mikubwa haswa, wanafanya kazi na mafundi wa urushi wa Japani.

Sasa watu wengi wanachagua kwa rangi, wakati cha kuangalia kwanza ni ujazaji. Emperor unamimina wino moja kwa moja ndani ya mwili na mkiani ina koki ya kufungua na kufunga njia ya wino. King of Pen na Nakaya zinatumia katriji (kichupa kinachokuja kimejaa wino) au konvata (kipampu kidogo cha kuvuta wino kutoka kwenye chupa). Namiki wenyewe wana Yukari Royale, nibu namba 20, hiyo inakula konvata ya CON-70 inayobeba mililita moja na kidogo. Kama wewe ni mtu wa kubadili rangi ya wino kila wikendi chukua ya konvata, utanishukuru. Kama una wino wako mmoja unaoupenda na unaandika kurasa na kurasa, chukua ya koki, maana ukishaijaza unaweza kusahau chupa iko wapi.

Hatua ya 2: Fanyia mazoezi unene kabla hujatoa hela

Emperor ya rangi tupu, isiyo na mchoro wowote, ni zaidi ya dola 1,000. Ukienda kwenye maki-e, yaani zile zenye michoro ya unga wa dhahabu, bei inapaa mpaka unaacha kuuliza. Kwa hiyo kabla ya hapo tafuta kitu kinene cha bei rahisi. Kuna Jinhao 9019 ya China, ya plastiki, ina nibu kubwa namba 8 na bei yake ni ya chakula cha mchana. Kuna pia kalamu za eboniti za India zinazochongwa kwa mkono, nene, za kumimina wino, hizo zina faida mbili maana unazoea unene na unazoea tabia ya wino mwingi ndani ya mwili.

Andikia hiyo kwa muda wa kutosha, sio saini mbili halafu unatangaza umezoea. Kama kiganja kinauma baada ya ukurasa mzima basi tatizo ni ushikaji na tutaliongelea hapo chini, ila kama umeshika vizuri na bado unauma, mkuu, hii sio kalamu yako na hakuna aibu yoyote. Kuna watu wana mikono midogo wanaandikia Emperor bila shida na kuna majitu ya futi sita yanaona tabu. Haitabiriki.

Hatua ya 3: Hakikisha ni urushi kweli

Urushi ni utomvu wa mti. Mti wenyewe unakwanguliwa gome, utomvu unakusanywa kidogo kidogo msimu mzima, na mti mmoja uliokua zaidi ya miaka 10 unatoa kama gramu 200 tu, ndio maana kitu hiki ni ghali hata kabla fundi hajashika brashi. Japani sehemu maarufu kwa kuvuna ni Joboji, mkoa wa Iwate, na kwa mafundi wa kupaka jina la Wajima liko juu, ule mji wa mkoa wa Ishikawa uliopigwa na tetemeko la ardhi tarehe 1 Januari 2024 na karakana nyingi zikaharibika. Kama unaagiza kitu chenye kazi ya Wajima kuwa na subira.

Halafu urushi haikauki kwa jua kama rangi ya mlango. Inataka joto la wastani na hewa yenye unyevu mwingi, asilimia 70 mpaka 80 na zaidi, ndani ya kabati maalumu, ndipo inagandamana yenyewe kwa yenyewe na kuwa ngumu. Fundi anapaka safu nyembamba, anaweka kabatini, anasugua, anapaka tena, anasugua tena, kalamu moja inakula miezi.

Na hapa ndio inapoingia habari ya kwetu. Mti wa urushi ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Yale mafuta ya ganda la korosho yanayounguza mikono ya wabanguaji, watu wa Mtwara na Lindi mnayajua, ni ndugu wa kile kinachowasha kwenye urushi mbichi. Na Wajapani wanatengeneza rangi inayoitwa kashu kutokana na mafuta hayo hayo ya korosho, inang'aa, inafanana sana na urushi, haihitaji kabati la unyevu na ni rahisi zaidi. Sio rangi mbaya. Ubaya ni pale muuzaji anapokuuzia kalamu ya kashu kwa bei ya urushi. Kwa macho tu ni ngumu kutofautisha, kwa hiyo uliza kwa maandishi kabisa: hii ni urushi ya asili au kashu, mwili ni eboniti au plastiki, kapaka nani. Muuzaji anayezunguka zunguka kwenye maswali hayo matatu achana naye. Kwenye Namiki zenye maki-e utakuta saini ya fundi na jina la Kokkokai, lile kundi la mafundi wa maki-e lililoundwa 1931 fundi mashuhuri Gonroku Matsuda akiwemo, na saini hiyo inaandikwa kwenye mwili wa kalamu sio kwenye stika.

Ukinunua iliyotumika omba picha za meno ya kufungia mfuniko, ukingo wa mdomo wa mfuniko, na mkia wenye koki. Hizo sehemu tatu ndio zinapoanza kumeguka. Mikwaruzo midogo kwenye mwili isikutishe.

Hatua ya 4: Ikifika, usiijaze siku hiyo hiyo

Ifungue kwenye lile boksi la mbao nyepesi ya kiri, iache ipumue sehemu yenye kivuli. Urushi mpya inaweza kuwa na kaharufu ka uchachu, kanaisha kenyewe. Iliyokauka vizuri haiwashi, ila kama wewe ni mtu ambaye ukimenya embe midomo inavimba, ni vizuri uishike kidogo kidogo siku za mwanzo uone ngozi inasemaje.

Safisha nibu kwa maji ya kawaida, sio ya moto. Vua pete. Nasisitiza pete maana ndio adui namba moja wa urushi, kuliko hata kuanguka.

Hatua ya 5: Kujaza (hii ni kwa zenye koki)

Utahitaji bomba la sindano lisilo na ncha kali, au pipeti, chupa ya wino, tishu na sehemu iliyotulia. Usifanyie kitandani.

Shika kalamu wima nibu ikiangalia juu, fungua ile sehemu ya kushikia inayobeba nibu, izungushe taratibu mpaka iachane na mwili. Ndani ya mwili utaona kafimbo kamesimama katikati, hicho ndio kijiti cha koki, kinatoka mkiani mpaka juu. Vuta wino kwa bomba, mimina kando ya hicho kifimbo polepole. Usijaze mpaka juu. Acha nafasi chini kidogo ya meno, kwa sababu ukirudisha sehemu ya nibu yenyewe inaingia ndani na kusukuma wino, na ukiwa umejaza pomoni utafurika mkononi na wino ukitulia kwenye meno ya eboniti kuusafisha ni kazi.

Kabla ya kufunga, legeza kidogo koki ya mkiani ili kile kifimbo kisigongane kwa nguvu na tundu la nibu unapokaza. Funga sehemu ya nibu kwa mkono tu. Unapohisi imegota, basi, acha. Halafu ndio unafunga koki. Kama meno yana dalili ya kuvujisha paka grisi ya silikoni, kiasi cha kuonekana kwa shida, ile safi isiyo na mafuta ya petroli. Grisi ya fundi gari usiiguse kabisa.

Wino gani? Wa kawaida. Pilot wa bluu nyeusi, au Iroshizuku za Pilot hao hao, zinatosha miaka yote. Zile wino zenye chenga za kumeta weka pembeni, na zile zenye kaboni pia, maana mwili huu unakaa na wino muda mrefu na vikitulia chini kwenye koki kuvitoa ni mtihani.

Hatua ya 6: Kuielewa koki

Hapa ndipo wengi wanaposema kalamu mbovu wakati mbovu haipo. Koki ikiwa imefungwa, wino wa kwenye tangi hauendi kwenye nibu. Unaobaki kwenye ule ulimi mweusi wa chini ya nibu unatosha kuandika kama ukurasa, hivi, kutegemea na upana wa nibu, afu mistari inaanza kupauka. Mtu anashtuka, anatikisa, madoa mezani.

Fanya hivi. Ukiichukua asubuhi, ishike nibu juu, fungua koki mizunguko miwili hivi. Nibu iwe juu kwa sababu ndani kuna hewa iliyobanwa na ikipata upenyo itoke yenyewe bila kubeba wino. Kisha geuza nibu chini, subiri sekunde chache, utaona ulimi unalowa. Funga koki tena au iache wazi kidogo kama una kazi ndefu. Mi huwa nafunga. Sababu ni joto la mkono: ukiandika muda mrefu mkono unapasha mwili wa kalamu, hewa iliyomo ndani inatanuka, na kama wino umeshuka sana maana yake hewa ni nyingi, basi inasukuma tone zima la wino likadondoka katikati ya sentensi. Ukiwa umefunga koki hilo tone halina njia. Na kwa sababu hiyo hiyo usisubiri wino uishe ndio ujaze, ukibaki theluthi ongeza.

Hizi za konvata hazina mambo hayo. Konvata ya Sailor haifiki hata mililita moja, nibu kubwa inainywa haraka, ila huwezi kupata mafuriko.

Hatua ya 7: Kuandika sasa

Kitu cha kwanza, usichomeke mfuniko nyuma. Inakuwa ndefu ya kijinga, uzito unahamia nyuma, na mfuniko unakwaruza urushi. Weka mfuniko mezani juu ya kitambaa. Kama kalamu yako haina klipu itabingirika, kwa hiyo tafuta kitu cha kuizuia. Nakaya wanauza vidude vya chuma vya kuzuia kubingirika, vingine vina umbo la mnyama, vizuri kweli, ila kitambaa kilichokunjwa kinafanya kazi ile ile.

Pili, ushikaji. Kalamu nyembamba tumezoea kuibana kwa ncha za vidole na kuisukuma kwa vidole. Hii haibaniki. Ni nene, na uzuri wake ndio huo huo, vidole havihitaji kukunjana. Iache ilale kwenye ule uwazi kati ya dole gumba na cha shahada, vidole vitatu viizunguke tu kama unaizuia isiondoke. Eboniti ni nyepesi, kwa hiyo pamoja na ukubwa wote ule haina uzito wa kutisha. Halafu sogeza mkono kutoka kwenye bega na kiwiko, vidole vikae kimya. Mwanzoni herufi zitakuwa kubwa, acha ziwe kubwa, andika kwenye karatasi isiyo na mistari mpaka mkono uzoee, ndio urudi kwenye mistari. Kwa mistari tafuta ile mipana, milimita 8 au zaidi, kaunta buku ya mistari ya kubanana itakufanya uandike kwa hasira.

Tatu, usikandamize. Nibu namba 50 ni ndefu na ina ulaini fulani wa kurudi, sio wa kupanuka panuka kama zile nibu za kuandikia mapambo, ukiikandamiza utaifungua mdomo na kuinyoosha ni mpaka fundi wa nibu. Uzito wa kalamu wenyewe unatosha. Jaribio rahisi: andika mstari mmoja huku umeshika kwa wepesi kiasi kwamba mtu akija kuivuta inatoka. Kama wino umetoka vizuri kwenye mstari huo, basi nguvu yote ya ziada uliyokuwa unatumia ilikuwa bure.

Wanaotumia mkono wa kushoto, inawezekana kabisa, ila chagua nibu nyembamba na ukae na karatasi ya kukaushia wino, maana hizi kalamu zinamwaga.

Hatua ya 8: Karatasi

Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 itakutesa, wino unatambaa pembeni na kutokea upande wa pili. Madaftari ya shule ni bahati nasibu, kuna yanayokubali vizuri na kuna ya kampuni hiyo hiyo mwaka unaofuata yanakataa, kwa hiyo nenda dukani na kalamu yako ya wino ya bei rahisi, omba kuchora mstari kwenye ukurasa wa mwisho. Za uhakika ni Midori MD, Rhodia, na Tomoe River kama unaipata. Tomoe River inaonyesha rangi za wino vizuri ila inakauka kwa kujivuta, geuza ukurasa haraka uone.

Hatua ya 9: Kusafisha

Maji ya baridi ya kawaida, basi. Hakuna maji ya moto, hakuna spiriti, hakuna amonia, hakuna kuloweka kalamu nzima usiku kucha. Eboniti isiyopakwa ikikaa kwenye maji na mwanga inapauka na kuwa kijani kibichi cha matope, na kwa kweli hiyo ndio sababu ya awali kabisa ya Namiki kupaka urushi juu ya eboniti miaka ya 1920, ilikuwa kuzuia kupauka, urembo ulikuja kwa mlango huo huo. Shusha wino uliobaki, sukuma maji kwa bomba la sindano kupitia nyuma ya sehemu ya nibu mpaka yatoke meupe, futa papo hapo kwa kitambaa laini. Nibu usiing'oe.

Mwili ufute kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi, kile kilicholegea. Kiwi hapana, dawa ya meno hapana, polishi ya gari hapana. Jasho na mafuta ya mkono wako havina shida, kalamu inayoshikwa kila siku inang'aa vizuri kuliko iliyofungiwa.

Hatua ya 10: Kuiweka na kusafiri nayo

Jua ndio linaua urushi, linaila mng'ao mpaka inakuwa na unga unga, kwa hiyo dashibodi ya gari na meza ya dirishani sahau. Ukavu mkali nao sio mzuri. Sisi wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, unyevu wetu unaipenda hii kitu. Wewe uliyeko Muscat au Dubai na AC inapiga saa 24, iweke ndani ya droo na sio chini ya mdomo wa AC.

Kwenye begi iwe peke yake kwenye mfuko wa kitambaa, isikutane na funguo wala na kalamu nyingine. Kwenye ndege ama ijae kabisa ama iwe tupu, koki imefungwa, nibu juu, na usiifungue mpaka mmetua.

Na usishangae ikibadilika. Urushi inazidi kupenyeza mwanga kadiri miaka inavyokwenda. Nyekundu inayokuja imefifia kidogo inakolea na kuchangamka, na zile za mtindo wa tame-nuri, zenye rangi chini na urushi ya kahawia inayopitisha mwanga juu, zinaanza kuonyesha ile rangi ya chini kwenye kingo za mfuniko na kwenye meno. Mtu asiyejua anadhani rangi imelika na anataka kurudisha kalamu. Ndio inavyotakiwa kuwa.

Ikisumbua

Mstari unaanza kwa kukatika: angalia kama koki iko wazi, kisha safisha, kisha jaribu wino wa Pilot wa kawaida, ukishindwa hapo ndio nibu inahitaji fundi. Wino unatokea mkiani: kile kizuizi cha ndani kinachozunguka kifimbo cha koki kimechoka, ni kitu cha kuchakaa kwa matumizi, hiyo irudishe kwa watengenezaji kupitia duka uliponunua, usifungue mwenyewe kwa koleo. Imedondoka na urushi imebanduka mpaka eboniti inaonekana: usipake rangi ya kucha, usiweke supagluu, kaa na kale kapande kama umekapata na uitume hivyo hivyo, fundi wa urushi anaweza kujaza na kupaka upya pale pale palipobanduka.